Mgonjwa Haulizwi Uji: Juu ya Kuwatafuta Watu Wenye Demensia ya Mapema

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anazijua. Ya kwanza husema, mficha maradhi kifo humwumbua. Ya pili husema, mgonjwa haulizwi uji. Walimu wetu walitufundisha methali hizi katika somo moja, kana kwamba ni watoto wa tumbo moja, nasi tukaziandika katika madaftari yetu bila ya kuuliza neno. Lakini tumeishi miaka ya kutosha kuona kwamba ziko nyakati ambapo methali zilizokaa ukurasa mmoja hugombana, na ugomvi wao humwangukia yule aliye dhaifu kuliko wote. Katika insha hii tunanuia kuutazama ugomvi huo mahali pamoja ambapo umekuwa mkali, nako ni pale wataalamu wanapowatafuta watu walioanza kupotewa na akili kabla ya uzee, ili wawatie katika utafiti.

Kwanza yafaa tuyaeleze maradhi yenyewe. Demensia ni jina la hali ambayo nguvu za akili, kama vile kumbukumbu, lugha na busara, hupungua hatua kwa hatua hata mtu akashindwa na shughuli zake za kila siku. Wengi wetu tunaijua kwa wazee. Tunamjua bibi anayeuliza jambo lile lile mara kumi kabla ya adhuhuri, na babu anayeshika jembe kwenda kwenye shamba lililouzwa zamani. Jamii yetu ina maneno ya upole kwa hao. Husema mzee amerudi utotoni, kisha mjukuu mmoja huambiwa amfuate nyuma asije akapotea. Hali hiyo ikimpata mtu kabla hajatimiza miaka 65, madaktari huiita demensia ya mapema, na huyo hatukumwekea maneno ya upole. Ana miaka 46, ana watoto shuleni, ana cheo, ana deni la duka. Akisahau, husemwa kuwa ni mlevi, au ni mvivu, au ametupiwa jambo na mahasidi, au amekula fedha za umma na sasa anajifanya hajui zilikokwenda.

Tunayasema haya si kwa kuyasikia. Katika ofisi moja ya umma tuliyoitumikia, palikuwa na mtunza masjala ambaye alizijua nambari za majalada kwa moyo. Mtu aliweza kumtajia jambo la miaka kumi nyuma, naye akatembea moja kwa moja hadi kwenye rafu, akalitoa jalada na kulipangusa vumbi kwa kiganja. Alikuwa kaka yetu kwa umri, nasi tulikuwa wakubwa wake kwa cheo, jambo ambalo katika ofisi zetu halikosi kuleta uzito. Mnamo mwaka 2002 majalada yakaanza kupotea. Barua za wizara zilikutwa katika majalada ya walinzi. Mara mbili alitukaribisha ofisini asubuhi moja kana kwamba hatujaonana, akatuamkia upya. Alianza kubeba kijitabu mfukoni, akiandika kila alichoagizwa, na baadaye akakisahau kijitabu chenyewe. Kelele zilipozidi tukaagizwa kuandika barua ya onyo, na mwaka 2003 tukaandika ya pili, iliyomwondoa kazini. Tuliitia saini sisi wenyewe. Neno tulilolitumia lilikuwa "uzembe". Barua hiyo ilipita mikononi mwake kama zipitavyo barua zote. Aliigonga muhuri, akaipa nambari, akaitia katika jalada la mtu mwingine. Ilichukua miezi mitatu kuipata.

Hatusemi kwamba alikuwa na demensia. Hakuna daktari aliyempima, naye amekwisha kufariki. Tunachosema ni kwamba hakuna aliyewazia kumpima, na miongoni mwa wasiowazia tulikuwamo sisi.

Jambo la ajabu ni kwamba maradhi haya, katika elimu ya utabibu, yalianza kujulikana kwa mtu asiyekuwa mzee. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, mwanamke wa miaka 51 aliletwa hospitalini na mumewe. Daktari aliyempokea aliitwa Alois Alzheimer. Alimwuliza jina lake, jina la mumewe, chakula alichokuwa akila wakati ule ule, akayaandika majibu yake yaliyopotea njia. Mwanamke huyo mwenyewe alisema kwamba amejipoteza. Alifariki mwaka 1906. Ubongo wake ukapelekwa kwa Alzheimer, aliyekuwa amekwisha kuhamia München, naye akauchunguza kwa darubini na kueleza alichokiona mbele ya madaktari wenzake mwezi Novemba mwaka huo huo. Mwaka 1910 Emil Kraepelin akayaita maradhi hayo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha utabibu. Kwa miongo mingi baada ya hapo jina hilo lilihesabiwa kuwa la watu wa umri wa kati tu, na wazee waliosahau wakaonekana kuwa wamezeeka basi. Leo mambo yamepinduka: tukilisikia jina la Alzheimer tunamwona mzee, na mtu wa miaka hamsini, ambao ndio umri wetu sisi tunaoandika, amesahauliwa na maradhi yaliyovumbuliwa kwake.

Basi je, atafutwe? Msomaji mwepesi atajibu kwamba hakuna haja ya swali. Atafutwe, apimwe, apewe jina la ugonjwa wake. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na ni kweli kwamba methali hii ina nguvu hapa kuliko watu wanavyodhani, maana si kila kinachofanana na demensia hakina tiba. Upungufu wa homoni ya tezi la shingo huweza kumfanya mtu awe mzito wa akili. Upungufu wa vitamini B12 kadhalika. Kaswende ya siku nyingi hupanda ubongoni. Virusi vya UKIMWI vikiachwa bila dawa hudhoofisha fahamu. Huzuni nzito humfanya mtu asahau hata siku ya juma. Yote hayo yana dawa, na mengine hupona kabisa yakiwahiwa. Tunapoikumbuka barua yetu ya mwaka 2003, hili ndilo linalotukosesha usingizi kuliko yote. Labda ilikuwa ni suala la kupimwa damu.

Lakini Alzheimer yenyewe haina dawa ya kuiponya. Katika miaka ya karibuni zimepatikana dawa za kupunguza kasi yake kidogo, kwa walio katika hatua za mwanzo, tena kwa gharama kubwa na kwa vipimo ambavyo hospitali zetu nyingi hazina. Hapo ndipo methali inapoanza kuchechemea. Aliyeitunga alidhani kwamba maradhi yakifichuliwa, mganga yupo na mzizi wake mkononi. Je, akiwa hana mzizi? Je, ikiwa anakufichua si ili akuponye wewe, bali ajifunze kwako ili apate kumponya mtu ambaye hajazaliwa?

Iko nchi moja ambako swali hili limeulizwa kwa muda mrefu na kwa uzito kuliko pengine popote. Katika milima ya jimbo la Antioquia, nchini Kolombia, ziko familia ambazo kwa vizazi vingi zilikuwa zikiona wazazi wao wakipotewa na akili wakiwa na miaka arobaini na kitu. Wenyeji waliita hali hiyo la bobera, yaani upumbavu. Wengine waliamini kuwa ni laana. Katika miaka ya 1980 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Antioquia, Francisco Lopera, alikutana na wagonjwa wa namna hiyo, naye akaanza kuuliza habari za baba na babu zao. Yeye na muuguzi Lucía Madrigal walikwenda kijiji hadi kijiji, wakati ambapo milima ile ilikuwa na vita vya waasi, wanamgambo na wafanya biashara ya madawa ya kulevya. Walisikiliza nasaba zinazosimuliwa jikoni. Walifunua vitabu vya makanisa vya ubatizo, ndoa na vifo, wakaziunga familia moja na nyingine hata zikarudi kwa mababu wa karne ya 18. Sisi watu wa masjala tunakiri kwamba tulipoisoma habari hii tulipata fahari kidogo: ugunduzi mkubwa wa sayansi ulitegemea makarani wa parokia ambao hakuna anayewakumbuka, walioandika majina kwa uangalifu.

Mwaka 1995 chanzo kikajulikana. Ni badiliko dogo katika jeni iitwayo presenilini-1. Mwenye kuirithi huanza kudhoofika fahamu akiwa na miaka 44 hivi, na huwa na demensia kamili akiwa na miaka 49 hivi. Kila mtoto wa mwenye badiliko hilo ana nafasi nusu kwa nusu ya kulipata. Katika ukoo huo wenye watu elfu kadhaa, wanaolibeba wanakadiriwa kuwa wapatao 1,200.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo juu ya hesabu hiyo ya nusu kwa nusu. Ni hesabu ya kurusha shilingi. Msichana wa miaka 20 anamwosha mama yake ambaye hamjui tena, na anajua kwamba shilingi yake ilikwisha kurushwa kabla hajazaliwa; kilichobaki ni kuitazama imeangukaje. Aitazame? Hapa kuna jambo ambalo ridhaa ya mtu mmoja haiwezi kulimaliza, maana damu si ya mtu mmoja. Mjukuu akipimwa na kukutwa nalo, mzazi wake aliye kati yake na babu amekwisha kupimwa bila ya kuulizwa. Sisi tuliokulia katika ukoo, ambako jambo la mmoja huwa la wote, tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, lakini tuna hofu kwamba hatujaanza hata kulijadili.

Watafiti wa Antioquia waliamua jambo ambalo kwetu lina harufu ya ustaarabu tuujuao. Walipoanza kujaribu dawa moja, krenezumabu, katika mwaka 2013, walihitaji watu wenye badiliko la jeni ambao bado hawajaumwa. Lakini kama wangewaita hao peke yao, kila aliyeitwa angekuwa ametangaziwa hukumu yake mlangoni, na jirani zake wangeijua. Basi wakawaita pia ndugu zao wasiokuwa na badiliko hilo. Jumla yao ilikuwa watu 252: 169 walikuwa nalo, 83 hawakuwa nalo. Hao 83 walipewa dawa bandia tu, isiyo na nguvu yoyote, na hakuna mshiriki aliyeambiwa yeye yu upande gani. Walikuja, wakadungwa sindano, wakapigwa picha za ubongo, wakajibu maswali, miaka mitano na zaidi.

Tuwatazame hao 83. Dawa haikuwahusu, ugonjwa haukuwa wao, nao hawakujua hivyo. Kazi yao ilikuwa ni kuwa pazia la ndugu zao. Waswahili wanalo neno kwa jambo hili, nalo ni kusitiri. Mtu humsitiri mwenziwe kwa kumfunika aibu, na mara nyingine kwa kusimama karibu naye hata watazamaji wasijue ni nani kati yao anayechuruzika damu. Tumezoea kuambiwa kwamba maadili ya utafiti ni kitu cha kigeni, makaratasi ya kutia saini yaliyotoka ng'ambo. Makaratasi ni ya ng'ambo, sawa. Stara si ya ng'ambo.

Matokeo yalitolewa mwaka 2022: dawa haikufaulu. Watu wale walingoja karibu miaka kumi wakapewa jibu hilo. Lopera mwenyewe alifariki Septemba 2024 bila ya kuiona dawa. Hata hivyo ukoo ule ulikuwa umetoa jambo lisilotazamiwa. Mwaka 2019 watafiti walieleza habari za mwanamke mmoja wa ukoo huo aliyelibeba badiliko la presenilini-1, lakini fahamu zake hazikuanza kudhoofika hadi alipopita miaka 70, karibu miaka thelathini baada ya wenzake. Alikuwa na badiliko jingine, la nadra sana, katika jeni nyingine, nalo lilionekana kumkinga. Wanasayansi sasa wanajitahidi kuiga kinga hiyo. Kama vipimo vingetumika kumpiga chapa akiwa na miaka 20, angeishi nusu karne akiogopa mlango ambao kwake ulikuwa umefungwa.

Sasa turudi kwa methali ya pili. Mgonjwa haulizwi uji, kwa sababu ukimwuliza atasema hataki, na bila uji atakufa. Ni methali ya huruma, nasi hatuitupi. Mke anayemvalisha mumewe viatu bila ya kungoja ruhusa hana kosa. Lakini watu huichukua methali hii wakaivusha mipaka. Mtafiti huja na daftari, mkuu wa ukoo husema "mchukueni, huyu hana akili ya kukataa", na kidole gumba cha mgonjwa hushikwa kikakandamizwa kwenye wino. Hapo methali imetumiwa kwa jambo ambalo haikutungwa kwa ajili yake. Uji hupikwa kwa faida ya mgonjwa. Utafiti hupikwa kwa faida ya wengine, na mgonjwa ndiye kuni. Kuni za namna hiyo huombwa, hazikatwi. Kwa maoni yetu, basi, mgonjwa haulizwi uji lakini huulizwa utafiti, tena aulizwe mapema, wakati bado anaweza kusema hapana na kujua amekataa nini. Na hata baada ya kukubali, siku atakapogeuza uso na kuvuta mkono wake sindano inapokuja, kugeuza uso huko ni lugha. Karatasi aliyoitia saini miaka mitatu iliyopita haiwezi kupaza sauti juu yake.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatazuia elimu. Sisi tunaona kinyume chake. Katika nchi ambayo wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa katika mikoa ya kanda ya ziwa, gari la utafiti likisimama mbele ya nyumba moja tu kijijini, nyumba hiyo imewekwa alama. Watu wakiogopa alama, wataficha wagonjwa wao, na hapo hapatakuwa na wa kuuliza wala wa kuulizwa.

Tuna mfano wa nyumbani wa kazi iliyofanywa kwa adabu. Mwaka 2009 na 2010, katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawapima watu zaidi ya elfu moja wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba kadiri ya sita katika kila mia walikuwa na demensia. Baadaye huko huko Hai kulitengenezwa kipimo kifupi kisichomwaibisha mtu ambaye hakusoma. Hakumtaki mzee aandike wala achore. Humtaka ataje wanyama awajuao kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, akumbuke orodha ya maneno aliyosomewa. Tunalipenda jambo hili, maana vipimo vingi vya zamani vilikuwa vikimpima mtu shule aliyokosa, kisha vikaandika kwamba amepungukiwa na akili. Lakini mlango uliogongwa Hai ulikuwa wa mwenye miaka 70. Wa miaka 46 alikuwa kazini siku hiyo, akitafuta jalada.

Na huyo hatafutwi kwa kugonga milango. Demensia ya mapema ni ya wachache, na wanaoiona kwanza si madaktari. Anaiona mke, ambaye mumewe mpole ameanza kutukana mbele ya wakwe. Maana yako maradhi ya namna hii yanayoanza kwa kuharibu tabia, na kumbukumbu hubaki nzima kwa muda. Anaiona mwanafunzi, ambaye mwalimu wake amefundisha somo lile lile siku tatu mfululizo, na darasa limecheka. Anaiona mkuu wa ofisi, mwenye kalamu. Hao ndio watafutaji halisi, watake wasitake. Kila mmoja wao hutoa jina: mlevi, mzembe, mwendawazimu, au mgonjwa. Swali la maadili ambalo watafiti hulijadili katika kamati zao huwa limekwisha kujibiwa, kwa ubaya au kwa wema, miaka miwili kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Mwaka jana binti wa yule mtunza masjala alitujia nyumbani. Ni mwalimu wa shule ya sekondari, na umri wake sasa unakaribia ule aliokuwa nao baba yake majalada yalipoanza kupotea. Alitupa shikamoo, tukamkaribisha, akanywa chai yote kabla ya kusema neno. Kisha akasema, "Baba mdogo, wewe ulikuwa naye kila siku. Nimekwenda kwa daktari, anataka kujua baba alianzaje. Nyumbani hakuna anayekumbuka vizuri. Mama alikuwa akituficha."

Tulimwuliza kama yeye mwenyewe anataka kupimwa jeni, ikitokea nafasi. Alisema hajui. Kuna siku anataka, na kuna siku anaona afadhali asahihishe madaftari yake kwa amani. Tulimwambia kwamba anayo haki ya kutojua, na kwamba haki hiyo haiozi akiitumia leo na kubadili nia kesho. Sina hakika, alisema, kama watoto wangu watakubaliana nawe. Hatukuwa na jibu.

Aliomba tumwandikie tuliyoyaona. Hakuuliza habari za barua, nasi hatujui kama anajua nani aliitia saini. Tulichukua karatasi tukaandika kurasa mbili: majalada ya walinzi, salamu za mara mbili, kijitabu cha mfukoni, na ile barua, pamoja na jina la aliyeiandika. Mahali pa kueleza dalili zilianza lini, tuliandika: mwanzoni mwa mwaka 2002, nasi tuliziona.